Barua ya wazi: tuachieni siku mbili za kwanza za homa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Kwa wajumbe wa Baraza la Ushauri la Kazi, Uchumi na Jamii, yaani LESCO,
Kwa ndugu zetu wa Chama cha Waajiri na wenzetu wa TUCTA, shirikisho la vyama vyetu vya wafanyakazi.

YAH: MALIPO YA SIKU ZA UGONJWA NA UTORO KAZINI

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Kwa miaka 14 nimekuwa nikitunza mahudhurio ya wafanyakazi katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo ulimi wetu sisi wa zamani bado unaiita Pugu Road. Nilianza na daftari refu la mistari, peni mbili na rula. Siku hizi kuna mashine ya kidole, lakini daftari sijaliacha, kwa sababu umeme unakatika na mashine haijui kumuuliza mtu "vipi, mbona hivyo leo?" Jina la kiwanda naliweka kando. Sijaandika kumsema tajiri yangu, na haya nitakayoyaeleza mtayakuta Mabibo, Mikocheni, Chang'ombe na Mbagala, kwenye viwanda, mahotelini, kwenye maghala na hata kwenye ofisi zenye viyoyozi.

Daftari langu lina herufi nne. P ni aliyekuja. L ni aliye likizo. S ni mgonjwa. A ni mtoro. Asiyelijua daftari atadhani kinachotenganisha S na A ni afya ya mtu. Sivyo. Ni karatasi, ile karatasi ya mapumziko ya daktari ambayo mji mzima tunaiita ED. Watu wawili wanaweza kuamka na homa ileile kwenye nyumba moja ya kupanga. Mwenye karatasi namwandikia S na analipwa, asiye nayo namwandikia A na siku yake inakatwa. Mkono unaoandika ni wangu, ndiyo maana nimeona uandike na barua hii.

Mtakumbuka Januari ya 2024, macho mekundu yalipoingia Dar es Salaam. Wizara ya Afya ikatoa taarifa, tukahimizwa kunawa mikono, na kila daladala uliyopanda ulimkuta mtu amegeukia dirishani anajifuta kwa leso. Asubuhi moja, saa 12 na dakika chache, jua halijatoka, akaja dada mmoja wa kitengo cha kufungasha amevaa miwani ya jua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo miwani ya jua vipi, na jua lenyewe bado?"

"Ya urembo tu, mama."

Akanyanyua miwani kidogo, akajifuta jicho kwa kidole cha shahada, na kidole hichohicho akakibonyeza kwenye mashine. Mashine ikalia, ikaandika jina lake. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika getini, na kila mmoja alikuwa na kidole chake.

Sikumrudisha. Nilikuwa naijua hesabu yake. Wiki iliyotangulia alikosa siku moja kwa sababu mtoto alikuwa anatapika, nami nikaandika A. (Kwamba kifungu cha 34 cha sheria kinampa mzazi siku zisizopungua nne zenye malipo kwa ajili ya mtoto mgonjwa nilikuja kujua baadaye, na aibu hiyo ninayo.) Halafu kuna posho ya mahudhurio. Ukimaliza mwezi bila pengo unaongezewa kitu, ukikosa siku moja inapungua, ukikosa ya pili inaondoka yote. Kwa hiyo siku ya pili isingemgharimu siku moja ya mshahara tu. Ingeondoka na posho nzima, na tarehe 5 mwenye nyumba anagonga mlango. Alipiga hesabu ambayo hata mhasibu wetu angeipiga, akavaa miwani.

Wiki iliyofuata kitengo kizima cha kufungasha kilikuwa na miwani. Ilipofika katikati ya mwezi tulifunga lain mbili kwa kukosa watu, na tajiri akaitisha kikao kuuliza utoro huu umetoka wapi. Nilitaka kumjibu kwamba umetokea kwenye mashine ya kidole. Nikanyamaza, nina watoto wanaosoma.

Sasa niseme la haki. Sheria yetu si bahili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2007, kiwango cha chini ni siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu, kila mwaka. Ukiziweka sheria hizi mbili mezani utasema Mtanzania amedekezwa. Na kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji, aliyepata kiharusi, aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu, kweli kifungu hiki kinabeba familia. Nimewaona wakirudi baada ya miezi miwili, wamekonda, lakini ada za watoto zimelipwa.

Tatizo halipo siku ya 63, lipo siku ya kwanza. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kulipa iwapo mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari, wala hakisemi cheti kianze kudaiwa siku ya ngapi. Basi kinadaiwa tangu siku ya kwanza, kwa mafua, kwa tumbo la kuharisha, kwa kipandauso, kwa maumivu ya mwezi ya akina dada ambayo kila mwanamke anajua yanaisha kesho. Magonjwa mengi ya watu wazima walio kazini ni ya namna hii, siku moja au mbili, yanataka maji, usingizi na panado. Hayamtaki daktari. Anayemtaka daktari ni mshahara.

Hebu mfuateni kijana wa stoo, mkazi wa Gongo la Mboto, aliyeamka Jumatatu na mafua makali. Hawezi kusimama kwenye daladala iliyoshona, anapanda bodaboda. Anafungua kadi. Anasubiri. Anamwona daktari, anapelekwa maabara, malaria hakuna. Anapimwa na mkojo, maana siku hizi ukitoka hospitali bila kuambiwa una UTI unajiona kama hukuhudumiwa. Anarudi kwa daktari, anakwenda dirisha la dawa, na saa nane mchana anatoka na karatasi yake. Daktari naye ni binadamu. Amemwona mtu amepanga foleni tangu asubuhi, kamasi zinamtoka, hawezi kumwandikia siku moja. Anaandika tatu.

Kijana huyu angeaminiwa kwa neno lake mwenyewe, angelala Jumatatu, na Jumanne, ikizidi sana Jumatano, angekuwa ananisalimia getini. Badala yake namwona Alhamisi. Wala hana kosa. ED ameipata kihalali, siku tatu ni za daktari, na baada ya kulipa bodaboda, kadi, vipimo na dawa, haoni kwa nini arudishe chenji.

Mwenzake anapiga hesabu ileile na kupata jibu jingine. Anameza panado mbili, anakuja. Anasimama mbele ya mashine ya kukatia, kichwa kizito, macho yamelegea, anapigia chafya katoni zinazokwenda madukani. Namwandikia P. Kwenye ripoti ya mwezi P hiyo inang'aa kama P nyingine zote.

Kwa utaratibu mmoja, huyu aliyepaswa kulala amekuja na yule aliyeweza kurudi kesho amekaa hadi Alhamisi. Tukijumlisha siku mwishoni mwa mwezi tunaita utoro, tunaongeza ukali, na ukali wenyewe ni kudai karatasi zaidi.

Na karatasi ikishageuka pesa, itauzwa. Hili mnalijua, msijifanye wageni wa mji. Nimewahi kupokea ED za watu watatu kutoka vitongoji vitatu, mwandiko mmoja, hata ile y yenye mkia mrefu ni moja. Nimewahi kuletewa na fundi mitambo mmoja, mwanamume mwenye ndevu zake, ED ya siku tano iliyoandikwa "ujauzito wiki 20, apumzike". Aliyemuuzia alikuwa amechukua fomu isiyo yake kwenye lundo. Tulicheka ofisini hadi machozi, kisha akaandikiwa barua ya kujieleza. Nilipomuuliza pembeni ilikuwaje, akasema kweli alikuwa anaumwa mgongo, ila kununua karatasi kulikuwa rahisi kuliko kupanga foleni ya kuipata. Sikuweza kumbishia hesabu.

Najua jibu litakalokuja, nimelisikia kwenye vikao vingi: "Ukiwaachia hawa, watategea." Sitawadanganya. Kutegea kupo. Jumatatu baada ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, homa hupanda Temeke nzima, na aliyefungwa huumwa zaidi ya aliyeshinda. Mshahara ukitoka Ijumaa, daftari langu la shifti ya Jumamosi huwa kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Miaka 14 inatosha kumjua mtu wa namna hiyo kwa jinsi anavyopiga simu: sauti imezimishwa makusudi, na nyuma yake muziki wa baa.

Hata wenzetu wa mbali hesabu zao zinasema hivyo. Niliposoma mahusiano kazini kwa masomo ya jioni, mfano ulionikaa kichwani ni wa Uswidi. Kabla ya 1991 mgonjwa kule alilipwa asilimia 90 ya mshahara tangu siku ya kwanza. Mwaka huo Serikali ikashusha hadi asilimia 65 kwa siku tatu za mwanzo, na 80 kwa siku zinazofuata. Wachambuzi walipopitia takwimu wakakuta siku za kukosa kazi zimepungua. Ujerumani nao mwaka 1996 walishusha kiwango cha kisheria kutoka asilimia 100 hadi 80. Vyama vya wafanyakazi vikachachamaa, sekta nyingi zikabaki na 100 kwa makubaliano, na serikali mpya ilipoingia ikarudisha 100 kwa wote mwaka 1999, lakini pale punguzo lilipotumika watu walikosa kazi kidogo zaidi. Kwa hiyo sitamuunga mkono mtu wa chama cha wafanyakazi anayesimama jukwaani kusema malipo hayahusiani na utoro. Yanahusiana. Mtu anayelipwa akiwa mgonjwa atakaa nyumbani zaidi ya asiyelipwa.

Ninachouliza ni siku gani hizo zilizopungua. Za mtegaji, au za dada wa miwani? Daftari haliwezi kusema, maana wote wawili wakija ni P. Marekani ndiko jibu lilikoanza kuonekana. Kule hadi leo hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri binafsi kulipa siku za mafua, ikabidi miji ijitungie yake: San Francisco mwaka 2007, Seattle 2012, New York 2014. Wachumi wawili, Stefan Pichler na Nicolas Ziebarth, wakalinganisha mwenendo wa mafua katika maeneo yaliyopata sheria hizo na yasiyopata. Walikuta kwamba watu wakishapata siku za ugonjwa zenye malipo, mafua yanapungua katika eneo zima. Kwa lugha ya getini kwetu, dada mmoja angelala nyumbani siku mbili kwa mshahara, na lain mbili zisingefungwa.

Na posho ya mahudhurio, ambayo waajiri wengi wanaiona ndiyo dawa, ina kasoro ambayo nimeiona kabla sijaisoma popote. Aliyeipoteza tarehe 4 hana tena cha kulinda hadi tarehe 30. Mwezi wote huo ni wake. Ujerumani walifanya jaribio kwa vijana wanagenzi katika maduka ya rejareja: wasiokosa waliahidiwa pesa ya ziada. Utoro uliongezeka. Watafiti walieleza kwamba kuja kazini kulipowekewa bei, vijana walianza kuona kukosa ni jambo la kawaida ambalo nalo lina bei yake. Siwaambii waajiri waifute posho. Nawaambia S isihesabiwe pengo.

Nigusie dengue, kwa kuwa sisi watu wa Dar tumeionja, 2014 na tena 2019. Mbu wake si yule wa malaria anayengoja tuzime taa. Huyu anauma mchana, saa za kazi, na anazaliana kwenye maji safi yaliyosimama, kwenye matairi, ndoo na makopo, vitu ambavyo uani kwa kiwanda chochote havikosekani. Mgonjwa wa dengue aliyejikaza akaja kazini siku zile za homa kali anaumwa na mbu wa pale uani, na baada ya siku kadhaa mbu huyo anakwenda kumuuma mwenzake. Jikoni kwenye mahoteli na kwa wanaopika chakula cha wafanyakazi sihitaji hata kueleza. Mpishi mwenye kuhara akija kwa kuogopa A, atakayelipia si mwajiri wake peke yake.

Wapo pia ambao hata hiyo S hawana. Kifungu cha 29 kinasema mwenye utumishi chini ya miezi sita hapati likizo yenye malipo. Humu ndimo walimo wapya wote na vibarua wengi wa Dar, wale wa mikataba ya miezi mitatu mitatu wanaopumzishwa wiki mbili kisha kuitwa upya kama vile tumewaona leo. Sheria iliwahi kuwafikiria: inasema mtu aliyeajiriwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yuleyule, muda wake ukijumlishwa ukizidi miezi sita katika mwaka huo, anayo haki. Katika miaka yangu 14 sijamwona kibarua aliyekijua kijifungu hicho, na sijamwona ofisa utumishi aliyekitaja kwa hiari yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nafungua ukurasa mpya kila mkataba mpya. Ukurasa ukiwa mpya, miezi ya nyuma haionekani.

Kuna mmoja nataka mumjue, ingawa jina lake silitoi. Alikuwa mwendesha mashine, mtu mzima, mwajiriwa wa kudumu, mpole, hana historia ya utoro. Akaumwa, akaenda kwao Kisarawe kuuguzwa na mkewe. Hakwenda hospitali. Alinunua dawa duka la dawa muhimu, akameza, akalala, siku zikaenda. Simu yake ilikuwa imezimika. Aliporudi zilikuwa zimepita siku sita za kazi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataja kukosa kazi zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu inayokubalika kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu. Someni vizuri: "wala sababu inayokubalika". Yeye sababu aliiweka mezani kwangu. Alifungua mfuko wa plastiki akatoa vifuko vya dawa, vitupu, vile vidogo vya kuandikwa 1x3 kwa peni ya bluu, akavipanga mbele yangu kimoja kimoja kama mtu anayelipa deni.

Nilimuuliza ED iko wapi. Akasukuma vile vifuko karibu zaidi na daftari.

Niliandika A sita. Daftari halikuwa na herufi ya vifuko. Kikao cha nidhamu kilichukua muda mfupi kuliko foleni ya chai, mwakilishi wake hakusema kitu, na barua ikatoka. Alikuwa na siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kulalamika. Alipokuja kuambiwa kwamba kuna tume, siku zilikuwa zimepita. Nimekutana naye mara moja tangu hapo, Buguruni sokoni, akanisalimia vizuri kabisa, akaniuliza habari za nyumbani. Ningependa angenitukana.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni kidogo na hakihitaji mfuko mpya wala jengo. Kifungu cha 32 kiongezwe maneno machache: cheti cha daktari kisidaiwe mpaka mtu awe amekosa zaidi ya siku mbili mfululizo. Mfanyakazi apige simu au atume ujumbe kabla shifti haijaanza, aseme anaumwa, aandikiwe S. Kumzuia mtegaji, tuchukue kifungu kilichopo Afrika Kusini tangu sheria yao ya masharti ya msingi ya ajira ya 1997: akikosa zaidi ya mara mbili ndani ya wiki nane, hapo mwajiri adai karatasi hata kwa siku moja. Mtu wa dabi na wa Jumamosi ya mshahara atanaswa na kipimo hicho mapema kuliko anavyonaswa sasa, kwa sababu sasa ananunua ED na mimi nalazimika kuiamini. Uingereza mtu anajiandikia mwenyewe hadi siku saba kabla ya kudaiwa cheti. Mimi siombi saba. Naijua Temeke.

Kwa walio chini ya miezi sita, Afrika Kusini hiyohiyo inatoa siku moja ya ugonjwa yenye malipo kwa kila siku 26 alizofanya kazi mtu. Ni hesabu nyepesi, hata kwa peni na rula inafanyika. Kibarua wetu wa miezi mitatu angekuwa na siku kama tatu mfukoni, na asingelazimika kuja na macho mekundu.

Mwenye saluni ya watu watatu Sinza atasema haya ni mazito kwake, na ninamwelewa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unalipia ugonjwa na ajali zinazotokana na kazi, mafua ya kawaida hayamo, kwa hiyo mzigo wote unabaki kwake. LESCO wana wataalamu, waangalie kama waajiri wadogo wanaweza kuchangiana. Mimi nachojua ni kwamba hata leo sheria inamdai amlipe msusi wake akileta ED ya siku tatu. Siku moja ya kuaminiana ni nafuu kwake.

Ndugu zangu wa Chama cha Waajiri, ninyi hamhitaji kungoja Bunge. Sheria inasema mwajiri "halazimiki" kulipa pasipo cheti, haijasema amekatazwa. Chagueni viwanda vichache, jaribuni miezi sita, halafu tuhesabu pamoja siku zilizopotea kabla na baada, pamoja na zile lain zilizofungwa. Na wenzetu wa TUCTA, kila mwaka Mei Mosi tunaandamana na fulana mpya kudai nyongeza ya mshahara, ni sawa, lakini kwenye mikataba ya hali bora mnayosaini mezani siku mbili za kwanza za ugonjwa ni kipengele cha mistari miwili. Kiwekeni. Mwaka 2025 sheria za kazi zilipofanyiwa marekebisho, mama aliyejifungua njiti alifikiriwa akaongezewa muda, na hakuna kiwanda nilichosikia kimefungwa kwa ajili hiyo.

Kwa upande wangu, tangu ile Januari nimeweka chupa ya vitakasa mikono pembeni ya mashine ya kidole, na kila anayeingia namwambia apake kabla na baada. Chupa ya kwanza ilinunuliwa na ofisi. Zilizofuata nimeambiwa bajeti haina fungu lake, kwa hiyo nanunua mwenyewe, na wakati mwingine dada wa miwani ananichangia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtunza mahudhurio,
Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam.